Rangi ya nje kwa nyumba za nchi kame: kuchagua kwa Garissa, Wajir, Mandera na Lodwar

Mchana wa kawaida Lodwar, kaskazini mwa Kenya, hufika nyuzi 35, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na mawingu ya kuupumzisha ukuta ni haba. Rangi inayodumu kwenye baridi ya Limuru hupauka mapema mno huku. Kwa hiyo usianze na kadi za rangi dukani. Anza na nyumba yenyewe: ukuta upi unatazama wapi, jua linaufikia saa ngapi, upepo wa mchanga unatokea upande gani, na udongo wa kiwanjani ni wa rangi gani. Ukishapata majibu hayo, rangi zinazokufaa ni chache, na kuchagua kati yake si kazi kubwa.

Jua linapiga wapi

Garissa imekaribiana na mstari wa ikweta. Wajir, Lodwar na Mandera ziko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi zisizofika nne. Katika miji hii jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwaka mzima, kwa hiyo linaloumia zaidi ni paa, kisha kuta za magharibi na mashariki. Kuta za kaskazini na kusini hupokezana zamu: Juni jua huelemea kaskazini, Desemba huelemea kusini.

Kuta hizo mbili za mwisho hulindwa na paa. Bati lililotokeza nje ya ukuta kwa sentimita 60 hutia kivuli cha mita 1.2 hadi 1.4 kutoka juu saa sita mchana, hata katika mwezi ambao jua limeelemea upande huo kabisa. Hapo una uhuru kidogo, na rangi iliyokolea haitakuadhibu sana.

Ukuta wa magharibi hauna kinga hiyo. Kuanzia saa tisa jua huanza kulala na kuupiga moja kwa moja, hewa yenyewe ikiwa imeshachemka. Joto linaloingia kwenye tofali saa kumi jioni huibukia chumbani saa tatu au saa nne usiku, wakati watu wanataka kulala. Ikiwa chumba cha kulala kiko upande huo, ukuta wake upate rangi hafifu kuliko kuta zote za nyumba. Hakuna ulazima wa kupaka pande zote nne rangi ileile. Ukichukua krimu moja na kuifanya hafifu zaidi kwa hatua moja upande wa magharibi, hakuna atakayegundua, kwa sababu hakuna anayetazama ukuta wa mashariki na wa magharibi kwa wakati mmoja.

Angalia pia upepo. Eneo la Loiyangalani na nyanda za Marsabit hupigwa na upepo mkali wa kusini-mashariki, uleule unaozungusha mitambo ya umeme kule. Upepo huo hubeba mchanga, na mchanga husugua rangi ukutani kama msasa. Upande unaoupokea uongezewe koti la tatu la rangi.

Nambari ya kuangalia kwenye kadi

Nyuma ya kadi ya rangi, au kwenye kitabu cha sampuli cha muuzaji, tafuta herufi LRV na nambari kati ya 0 na 100. Hiyo ni sehemu ya mwanga ambayo rangi inaurudisha, kwa asilimia. Nyeupe ya kawaida huwa 80 hadi 90, krimu 70 hadi 80, rangi ya mchanga 50 hadi 65, rangi ya tofali la kuchoma 20 hadi 30, na kahawia iliyokolea ni kama 10. Ukuta wa LRV 60 unameza asilimia 40 ya mwanga. Wa LRV 20 unameza asilimia 80, yaani mara mbili, na tofauti hiyo utaihisi kwa kuweka kiganja tu.

LRV hupima mwanga unaoonekana peke yake, na karibu nusu ya nishati ya jua haionekani kwa macho. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa rangi ghali zinazouzwa kwa jina la kupunguza joto: chembe zake zimetengenezwa ili zirudishe ile sehemu isiyoonekana. Kama umeng'ang'ania rangi iliyokolea, zina maana. Kwa nyeupe na krimu usilipe ziada, kwani oksaidi ya titani inayozipa weupe tayari inafanya kazi hiyo.

Kwa kuta za nyumba ya kuishi, lenga LRV 60 hadi 75. Ukishuka chini ya 50 utaanza kulala kwenye joto. Ukipanda juu ya 80, shida inahamia machoni. Ukuta mweupe pee unaotazama baraza au dirisha la jirani hutupa jua usoni, na anayeingia kutoka uani haoni kitu ndani mpaka macho yazoee. Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako manispaa hudai majengo yawe meupe au ya rangi hafifu, sababu ni jua hilihili. Lakini kwa kiwanja kidogo cha Garissa ambapo nyumba zinatazamana kwa mita chache, krimu ni ujirani mwema kuliko nyeupe. Nyeupe pee iache paani, na kwenye ukuta wa magharibi usiotazamana na mtu.

Rangi zinazopauka na zisizopauka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huchagua kwa kadi, na kadi haisemi rangi imetengenezwa kwa nini.

Jua huharibu vitu viwili ndani ya rangi. Kwanza ni gundi inayoshikilia chembe. Ikivunjika, ukuta hutoa unga na kiganja ukikipitisha kinarudi na vumbi la rangi. Pili ni chembe zenyewe, na hizi ziko za namna mbili. Zipo za madini: oksaidi ya chuma nyekundu, njano na nyeusi, oksaidi ya titani, na oksaidi ya kromi inayotoa kijani kilichopoa. Oksaidi ya chuma ni kutu iliyosagwa. Imeshaungana na oksijeni na jua halina la kuivunja zaidi. Udongo mwekundu unaouona njia ya Garissa kwenda Wajir una rangi hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo, na haujapauka kwa jua la miaka yote hiyo.

Zipo pia chembe za kikaboni zinazoundwa viwandani: njano ya limau, chungwa, nyekundu ya moto, waridi, zambarau. Ndizo zinazovuta jicho kwenye kadi, na nyingi huanza kufa mapema, hasa zikichanganywa na nyeupe nyingi ili kupata rangi hafifu. Waridi hafifu na zambarau hafifu ni dhaifu kupita zote. Usizipake nje kaskazini. Bluu na kijani vya kiwandani hustahimili jua vizuri zaidi, lakini vumbi jekundu likikaa juu ya samawati hutoa rangi ya matope, na kuosha ukuta kila mwezi mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi ni anasa.

Rangi inayochanganywa kwa mashine dukani hutoka na stika kwenye kifuniko. Soma stika hiyo kabla ya kulipa. Ina jina la rangi, aina ya besi (rangi ya msingi kabla ya kuchanganywa), na orodha ya tinta (rangi kali za kuchanganyia) zilizodondoshwa ndani, kila moja kwa herufi chache na kiasi chake. Muulize mchanganyaji kila herufi ni tinta gani. Unataka kusikia oksaidi njano, oksaidi nyekundu, nyeusi, nyeupe. Krimu mbili zinazofanana kabisa mezani huweza kutoka kwenye fomula mbili tofauti: moja ya oksaidi njano na chembe ya nyekundu, nyingine ya njano kali ya kikaboni. Jua likishazifanyia kazi, ya pili hubaki nyeupe chafu upande wa magharibi na krimu chini ya paa, na mpaka kati ya hizo mbili unaonekana kama mstari. Fomula ikiwa na njano kali, omba utafutiwe rangi ya jirani inayotokana na oksaidi. Karibu kila mara ipo.

Besi nayo ina neno lake. Rangi hafifu huchanganywa kwenye besi nyeupe iliyojaa titani, ambayo hukinga gundi dhidi ya jua. Rangi zilizokolea huchanganywa kwenye besi isiyo na titani, au yenye kidogo, na kutegemea tinta pekee. Ndiyo maana hudhurungi nzito ya chapa ileile huchakaa upesi kuliko krimu ya kopo lililo kando yake.

Kwa ufupi wa dukani, chagua ndani ya kundi hili: krimu ya oksaidi, rangi ya ngano, rangi ya mchanga, kijivu chenye joto kidogo, na udongo mwekundu uliopunguzwa kwa nyeupe. Kijivu kiangaliwe kwa makini. Kivuli cha nje hupata mwanga wake kutoka angani, na anga ya huku ni ya samawati siku nyingi; kijivu kilicho baridi kwenye kadi kitaonekana bluu kwenye ukuta wenye kivuli. Chukua kilichoegemea kahawia.

Mwenye duka anayepakiwa ukuta bure kwa rangi za tangazo la kampuni apime hilo pia. Rangi hizo ni kali, nyingi ni za kikaboni, na ukuta ukipauka si lazima kampuni irudi. Aombe angalau ukuta wa magharibi uachwe.

Vumbi na mkanda wa chini

Chota konzi ya udongo mkavu kutoka kiwanjani, uumwage juu ya kadi ulizochagua, mchana, nje. Kadi ambayo udongo hauonekani sana juu yake ndiyo itakayokaa safi. Garissa jibu huegemea krimu yenye wekundu kidogo. Lodwar, kwenye mchanga wa kijivu na kahawia, huegemea rangi ya mchanga.

Kisha uamuzi wa mng'ao. Rangi isiyong'aa kabisa huficha mawimbi ya plasta lakini hushika vumbi. Inayong'aa sana huonyesha kila kasoro jua linapolala, na hurudisha mwanga machoni. Chukua yenye mng'ao mdogo: vumbi linatoka kwa ufagio laini au kitambaa kibichi. Plasta ya vipele ya kurushia, hata ikipakwa rangi nzuri vipi, ni rafu ndogo elfu za vumbi. Kama bado hujapiga plasta, iwe laini.

Mvua za huku ni chache lakini hushuka kwa kishindo, na matone hurusha udongo ukutani hadi sentimita 50 au 60. Paka mkanda wa chini wa sentimita 70 au 80 kwa rangi ya udongo wa hapo hapo, iliyokolea hatua mbili kuliko ukuta. Desturi ya kupaka mkanda huo lami nyeusi iachwe. Upande wa magharibi lami humeza joto lote, na siku ukitaka kuibadilisha, hupenya rangi yoyote ya maji utakayoweka juu na kutoa madoa ya kahawia. Ukiikuta tayari ipo, ikwangue kadiri uwezavyo, kisha tumia praima (koti linalotangulia rangi) maalumu ya kuziba madoa.

Kujaribu kabla ya kununua ndoo

Nunua kopo dogo la kila rangi kati ya mbili au tatu zilizobaki. Paka kipande cha mita moja kwa mita moja, makoti mawili, kwenye ukuta wa magharibi na kingine kwenye ukuta wenye kivuli. Kama plasta bado mbichi, tumia ubao wa saruji au plaiwudi iliyopakwa nyeupe, uihamishe ukuta hadi ukuta. Tazama saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ukiwa umesimama mita kumi. Usitazame karibu na rangi ya zamani. Acha ukingo mpana wa nyeupe kuzunguka kipande.

Jua kali hufifisha rangi. Kinachoonekana krimu dukani huonekana nyeupe ukutani saa saba. Hivyo ukitaka krimu ionekane krimu, chukua iliyokolea hatua moja kuliko unavyodhani, mradi LRV haishuki chini ya 60.

Kiasi cha kununua

Chukua nyumba ya mita 10 kwa mita 8, ukuta wa mita 3. Mzunguko ni mita 36, mara 3 ni mita za mraba 108. Toa milango na madirisha, tuseme 16, zinabaki 92. Lebo nyingi huandika lita moja kwa mita za mraba 10 hadi 12, lakini hiyo ni kwa ukuta laini uliokwisha kuzibwa. Kwenye plasta ya kawaida piga hesabu ya mita 8 kwa lita. Makoti mawili ni 92 × 2 ÷ 8, yaani lita 23. Ongeza sehemu ya kumi kwa hasara na marekebisho ya baadaye, inakuwa kama lita 25: ndoo moja ya lita 20 na makopo mawili ya lita 4. Praima koti moja ni lita 11.5, makopo matatu ya lita 4.

Nunua zote kwa safari moja, zenye nambari moja ya uzalishaji, na zilizochanganywa siku moja. Kabla ya kupaka, mimina ndoo na makopo yote kwenye pipa safi, ukoroge, urudishe. Ukuta uliopakwa nusu kutoka ndoo moja na nusu kutoka nyingine huonyesha kiungo. Angalia tarehe ya kutengenezwa, na uulize kopo lilihifadhiwa wapi. Rangi ya maji iliyokaa muda mrefu kwenye stoo ya mabati huku hupikika: inaganda, inatoa harufu ya kuoza, au inaachana maji na uzito. Ukifungua ukakuta hivyo, rudisha; kuikoroga hakuiponyi.

Na iwe rangi ya nje ya akriliki. Ile ya bei nafuu ya ndani ina gundi kidogo na chokaa nyingi, na kwenye jua hili hutoa unga upesi. Kama bajeti haitoshi, afadhali upake akriliki nzuri magharibi, mashariki na mbele, kisha umalizie nyuma msimu ujao.

Ukuta kabla ya rangi

Plasta mpya ikae siku 28 zisizopungua, na wiki ya kwanza inyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Upepo mkavu hukausha plasta kabla saruji haijashika. Plasta hiyo hubaki legevu na hutoka pamoja na rangi. Saruji mbichi pia ni kali kwa asili yake ya magadi, na ukali huo huunguza tinta: ukuta unatoka na mabaka yaliyopauka hata kabla jua halijaugusa. Praima iwe ya kuzuia ukali wa saruji, na lebo yake iseme hivyo.

Maji ya visima vingi Wajir na kwingineko yana chumvi. Yakitumika kuchanganya plasta, chumvi husafiri na unyevu hadi juu na kutoka kama unga mweupe au madoa. Ikishatoka, isugue kwa brashi ngumu ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Subiri wiki mbili. Ikitoka tena, sugua tena. Paka tu ikiwa imekoma. Maji ya kupunguza uzito wa rangi yawe yale unayoweza kuyanywa.

Ukuta wa zamani upimwe kwa njia mbili. Pitisha kiganja: ukitoka unga, sugua kwa brashi, futa kwa kitambaa kibichi, kisha weka praima ya kushikanisha unga. Halafu bandika selotepu, ikandamize, ing'oe kwa ghafla: ikibeba vipande vya rangi, kwangua mpaka ufikie iliyoshika. Nyufa zizibwe kwa filla inayonyumbulika, kwa sababu ukuta wa huku hupanuka mchana na kusinyaa usiku, na puti ngumu hupasuka palepale tena. Rangi ya mafuta ya zamani ya njano au nyekundu kali huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa ikiwa kavu. Iloweshe kwanza na uzuie watoto.

Kupaka kwa kufuata kivuli

Rangi ya maji hutaka muda wa kutandaa kabla ya kukauka. Ukuta ukipita nyuzi 35, maji huruka, gundi haiungani vizuri, rola inaacha michirizi, na siku chache baadaye yanatokea malengelenge. Kwa hiyo ukuta wa magharibi upakwe alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, ukiwa umepoa usiku kucha. Wa mashariki usubiri hadi saa kumi jioni, na uuguse kwanza kwa kiganja. Kuwa kivulini hakumaanishi umepoa. Wa kaskazini na kusini utegemee mwezi: katikati ya mwaka anza na wa kusini, mwishoni mwa mwaka anza na wa kaskazini. Loiyangalani na jirani zake, upepo huvuma kwa nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, hivyo chagua siku tulivu au tundika maturubai upande upepo unakotoka.

Plasta kavu inayonyonya sana inyunyiziwe maji kidogo kabla ya praima, iwe baridi bila kumeremeta. Koti la kwanza lipunguzwe kwa maji asilimia 10 ya ujazo, yaani lita 2 kwenye ndoo ya 20, la pili asilimia 5. Fundi atataka kuongeza zaidi kwa sababu rangi inakauka kwenye rola na mkono unachoka. Mkatalie. Rangi iliyojaa maji huacha ngozi nyembamba, na ngozi nyembamba ndiyo jua humaliza kwanza. Badala yake fanyeni kazi watu wawili, mmoja akikata kona kwa brashi na mwingine akifuata na rola mara moja, na mmalize ukuta mzima kutoka kona hadi kona bila kupumzika katikati. Kati ya koti na koti subirini saa nne, hata kama umekauka kwa mguso baada ya nusu saa.

Paa na chuma

Pesa ya rangi ikiwa moja, peleka paani. Bati jipya lisilopakwa linang'aa na kurudisha mwanga, lakini chuma kitupu hakitoi joto lililoingia kwa urahisi, ndiyo maana hubaki limechemka. Rangi nyeupe hurudisha jua na pia huachia joto, ikashinda kwa yote mawili. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki ya bati: hugeuka sabuni kwa chini na kubanduka kama maganda. Osha bati, weka praima ya mabati, kisha akriliki ya paa makoti mawili. Kama unavuna maji ya mvua, hakikisha lebo inasema haina risasi, na mwaga maji ya mvua mbili za kwanza.

Milango na mageti ya chuma yanayotazama magharibi yasiwe nyeusi wala kahawia nzito. Chuma cheusi kwenye jua la huku hupita nyuzi 60 kwa wepesi, na mtoto akikigusa anaungua. Kijivu hafifu au krimu juu ya praima ya oksaidi nyekundu inatosha. Rangi ya mafuta hutoa unga juani haraka kuliko akriliki, kwa hiyo uhesabu kurudia chuma mapema kuliko ukuta.

Kwa anayetumia chokaa

Wajir imekaa juu ya mwamba wa chokaa, na weupe wa chokaa kwenye kuta zake si jambo geni. Kwa ukuta wa mawe, wa udongo, au wa plasta ambao haujawahi kupakwa rangi ya maji, chokaa bado ni chaguo zuri na la gharama ndogo. Loweka mfuko wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa kwenye lita 25 za maji usiku kucha, chuja, kisha ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka makoti matatu au manne membamba, siku moja kati ya kila moja. Likipakwa nene hupasuka na kudondoka. Ukitaka krimu au udongo, ongeza oksaidi ya unga ile ya sakafu, isizidi kilo 2.5 kwa mfuko mzima. Tinta nyingine nyingi chokaa itaziua. Wapo wanaoongeza chumvi ili ishike. Mahali ambapo ardhi na maji tayari vina chumvi, acha. Vaa miwani na glavu, chokaa hupofua. Na kumbuka kwamba rangi ya maji juu ya chokaa hubanduka, hivyo ukiingia njia hii uendelee nayo, au uwe tayari kukwangua ukuta wote siku ukibadili.

Bandua stika ya fomula kwenye kifuniko, ubandike ndani ya mlango wa stoo pamoja na tarehe ya kupaka, na uhifadhi lita moja ya ziada mahali pa baridi. Kila mwaka, kabla ya mvua za Machi, pitisha kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Unga ukianza kutoka, paka koti moja upande huo peke yake. Usingoje kuta nyingine zifike hapo.